Weusi na nakshi nzito havitaji umri wa meza ya mwaloni

Wengi huamini kwamba meza ya kuandikia ya Kifaransa ya mwaloni, ikiwa nyeusi, imejaa nakshi na ina matundu ya bungua, mdudu anayekula mbao, basi ni ya karne ya 16 au 17. Si ajabu, ndivyo meza yenyewe inavyojinadi.

Henri II alitawala Ufaransa mwaka 1547 hadi 1559, lakini samani nyingi za mtindo unaoitwa kwa jina lake zilitengenezwa nusu ya pili ya karne ya 19, mtindo huo ulipofufuliwa. Mwaloni uliorandwa karibuni ni kahawia hafifu. Rangi yake hukolea kwa miaka, ila weusi wa sare hadi ndani ya mifereji ya nakshi mara nyingi ni rangi ya kupakwa.

Chomoa droo, ilaze kifudifudi, umulike tochi kutoka ubavuni. Mikwaruzo ya tao ni ya msumeno wa duara, yaani karne ya 19 au baadaye. Meno yanayounganisha mbao kwenye pembe za droo, yakilingana kabisa, yamekatwa kwa mashine. Kagua droo zote, maana moja huenda ilibadilishwa. Kisha pima unene wa mguu uliokerezwa, pande mbili: mbao haisinyai sawasawa, hivyo mguu mkongwe huwa na umbo la yai kidogo.

Na matundu? Bungua hutokea kwenye tundu la milimita 1 hadi 2. Ukikuta njia zake ndefu zimepasuliwa wazi juu ya uso, mbao ililiwa kwanza, ikachongwa baadaye.