Je, wajua kwa nini paa la nyumba yenye joto ndilo linalojaa barafu?

Katika majira ya baridi ya 2014 hadi 2015, jiji la Boston nchini Marekani lilipata zaidi ya sentimita 280 za theluji, kiasi ambacho hakijawahi kupimwa huko kabla, na katika nyumba nyingi maji yalichuruzika kutoka darini ilhali nje hapakuwa na mvua.

Chanzo kikuu cha maji hayo ni joto la nyumba yenyewe. Hewa yenye joto hupanda, hupenya kwenye nyufa za dari kandokando ya taa, mabomba na mlango wa kupandia darini, kisha hulipasha paa kwa upande wa chini, hata theluji inayoligusa ikayeyuka ingawa nje kuna baridi ya kugandisha. Maji huteremka chini ya theluji mpaka upenuni, sehemu iliyotokeza nje ya ukuta na isiyopata joto la nyumba, na hapo huganda. Barafu huongezeka siku hadi siku ikawa kama ukingo wa bwawa. Maji yanayofuata hutuama nyuma yake na kupenya chini ya vigae, ambavyo hupangwa ili kumwaga maji yanayoteremka, wala si kuzuia yaliyosimama.

Dalili huonekana mapema: theluji ikiisha karibu na kilele cha paa huku mapaa ya majirani yakiwa bado meupe, joto linavuja.

Kwa hiyo tiba ya kweli imo ndani. Kwanza nyufa za dari zizibwe, ndipo sufi ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo zinazozuia joto kupita, iongezwe. Kuongeza sufi juu ya nyufa zilizo wazi ni kupoteza fedha. Kisha matundu ya hewa ya upenuni na ya kileleni yaachwe wazi ili hewa baridi ipite chini ya paa, na feni ya bafu itoe mvuke nje, isiumwage darini.

Theluji ikizidi, ivutwe kutoka ukingo wa paa kwa reki yenye mpini mrefu, mtu akiwa amesimama chini, mbali na inapoangukia. Shoka lisitumike kabisa kuvunja barafu, kwa kuwa vigae vilivyoganda hupasuka upesi. Maji yakiwa yameshaingia, soksi ndefu iliyojazwa kloridi ya kalsiamu, chumvi inayoyeyusha barafu, hulazwa kukatiza barafu, ikayeyusha mfereji wa kuyatoa.