Zoni na sekunde: jinsi kengele ya wizi inavyoamua

Kengele inapolia bure saa nane usiku, lawama huangukia sensa. Mimi huanza kwenye programu, maana sensa yenyewe haiamui kitu. Ya mlangoni ni swichi ndogo na sumaku: mlango ukifunguka sumaku inasogea, swichi inaachia. Ya mwendo inahisi joto la mwili linapokatiza mbele yake. Anayeamua kama aliyepita ni mwenye nyumba au mwizi ni paneli, lile sanduku la kabatini, na inaamua kwa kuangalia kila sensa imepewa zoni ya aina gani, yaani nafasi yake kwenye paneli yenye kanuni ya lini kulia.

Chukua nyumba ya kawaida ya Raskazone, hapa Tanga. Mlango wa mbele ni zoni ya kuchelewa: ukiufungua, paneli inahesabu, tuseme sekunde 30, na kibodi inapiga pi-pi-pi mpaka uweke namba ya siri. Madirisha na mlango wa jikoni ni zoni za papo hapo. Hapo hakuna kuhesabu, king'ora kinalia. Kazi iko kwenye sensa ya mwendo ya korido. Ukiipa papo hapo, utaamsha mtaa mzima kila unapopita kuifuata kibodi. Ukiipa sekunde 30 zake yenyewe, umempa na mwizi wa dirishani sekunde 30. Dawa ni zoni ya kufuata: mlango wa mbele ukifunguka kwanza, sensa ya korido inanyamaza na kusubiri muda uleule wa mlango. Ikiona mtu kabla mlango haujafunguka, inalia hapo hapo, kwa kuwa huyo hakupita mlangoni.

Muda wa kutoka, yaani sekunde ambazo paneli inakupa uondoke baada ya kuwasha, usiupime kwa miguu ya fundi. Mwambie bibi wa nyumba atembee kutoka kwenye kibodi mpaka barazani, afunge mlango, kisha ongeza sekunde 10.

Kuna namna mbili za kuwasha. Ya kuondoka inaamsha sensa zote. Ya usiku inaacha sensa za mwendo za ndani zikiwa zimelala, milango na madirisha yanalindwa, nanyi mnaenda msalani kwa amani. Kosa la kawaida ni anayetoka kwenda swala ya alfajiri bila kuzima: anafungua mlango, hesabu inaanza, anafika msikitini king'ora kinalia nyuma yake. Zima, toka, kisha aliyebaki awashe tena.

Kila mtu apewe namba yake, hata dada wa kazi, kwa sababu paneli inaandika nani kazima na saa ngapi. Akiacha kazi, futa namba yake peke yake. Ile 1234 ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza, ya fundi pia. Kama paneli yako ina namba ya kulazimishwa, ya kuweka mwizi akikushurutisha uzime, jifunzeni: inazima kengele kama kawaida huku ikituma ujumbe kimyakimya.

Umeme ukikatika, betri ya volti 12, Ah 7 (ampia-saa, kipimo cha akiba yake), inabeba kazi. Mfumo unaokula milliampia 250 ungekaa saa 28 kwa hesabu ya karatasi; betri iliyozeeka kwenye joto letu haifiki huko. Zima swichi ya ukutani, subiri saa moja, liza king'ora huku mita iko kwenye betri. Ikishuka chini ya volti 11, nunua nyingine. Laini ya simu ya paneli nayo iondolewe PIN kabla ya kuichomeka, na salio liangaliwe, la sivyo king'ora kitalia wewe ukiwa Korogwe bila habari.

Mijusi kutambaa juu ya lenzi ya sensa ya mwendo ni kweli huliza kengele. Ziba tundu la waya kwa silikoni, wasiingie ndani ya sensa.

Mwisho, rizista, kile kipande kidogo kinachozuia umeme kwa kipimo maalumu. Inakaa ndani ya sensa, mwisho wa waya. Ikiwa hapo, mtu akikata waya au akiugusanisha, paneli inaona kipimo kimebadilika. Wapo mafundi wanaozipanga zote ndani ya paneli kwa kuogopa kupanda ngazi. Hapo mwizi anayejua akigusanisha nyaya mbili za sensa, paneli itaendelea kuona mlango umefungwa. Fungua sanduku uangalie; ukizikuta humo zimejipanga, mwite fundi azihamishe, na viungio vilivyoota kijani kwa chumvi ya bahari avikate, aviunge upya kwa risasi ya kulehemu.