Pishi Moja kwa Wote: Namna ya Kupima Maneno ya Jukwaani Wakati wa Kampeni

Mfanyabiashara wa nafaka mwenye pishi mbili, kubwa ya kununulia na ndogo ya kuuzia, hana haja ya kusema uongo hata neno moja. Anahesabu vibaba vinne mbele ya mteja, kwa sauti, na hesabu yake ni sahihi. Udanganyifu umo ndani ya chombo. Kampeni za uchaguzi nazo zina pishi zake mbili, na mara nyingi anayezishika si mgombea. Ni sisi wapiga kura.

Chukua mfano mdogo kabisa, wa saa. Mikutano ya kampeni nchini Tanzania huanza saa 2:00 asubuhi na kumalizika saa 12:00 jioni. Mkutano wa chama chako pale uwanja wa Tangamano, hapa Tanga, ukipitiliza kwa dakika ishirini, utasema mgombea kapendwa, watu hawataki kuondoka. Kesho yake wa chama kingine ukipitiliza kwa dakika tano, utauliza polisi wako wapi. Kanuni ni ile ile na uwanja ni ule ule. Kilichobadilika ni rangi ya bendera.

Mfano mkubwa zaidi ni wa takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu mgombea kutoa kitu kwa wapiga kura kama ukarimu wa kimila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mashirika ya kiraia, ilibatilisha vifungu hivyo, na mwaka 2010 ikapatikana Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kisheria mjadala ule umeshafungwa. Vijiweni haujafungwa hata kidogo: kanga na sukari zikitoka kwa mgombea wetu ni mkono wa heri, zikitoka kwa mwenzake ni rushwa na TAKUKURU wapigiwe 113 sasa hivi. Anayepiga 113 kwa mmoja na kunyamaza kwa mwingine haisaidii TAKUKURU. Anaitumia.

Tumeanza na mizani hii ya pishi mbili kabla ya matusi kwa sababu matusi yanaishi kwa mizani hiyo. Kashfa dhidi ya mgombea haimgeuzi mfuasi wake. Humfanya amshike zaidi. Inayemfurahisha ni mfuasi wa yule anayetukana, ambaye kama mgombea wake angeambiwa maneno yale yale angesema nchi imekosa adabu. Wafuasi wakiacha kuipigia makofi, kashfa inakosa soko. Ndiyo maana makala haya yanazungumza na wewe unayesimama uwanjani, kuliko na aliye jukwaani.

Kuna njia rahisi ya kukagua pishi yako. Andika kwenye karatasi kile kilichosemwa au kutendwa, lakini mahali pa jina acha wazi: "Mgombea ____ alitumia gari la halmashauri kwenda mkutanoni." Amua kwanza kama ni kosa, na kosa la uzito gani. Kisha jaza jina la mgombea unayemchukia, futa, jaza la unayempenda. Hukumu ikibadilika, chombo kimepinda. Wengi hukwama hapa kwa kusema, "Lakini wetu alikuwa na sababu." Sawa, iandike sababu hiyo nayo, uihamishie kwa yule mwingine: ungeikubali? Kosa jingine ni kulinganisha mambo yanayofanana kwa juu tu. Kiongozi mwenye haki ya gari la umma kwa cheo chake na diwani aliyeazima gari lenye namba za SM, yaani la serikali za mitaa, si mfano mmoja, hata kama picha zote mbili zinaonyesha gari na bendera. Usawa ni kuhukumu sawa yaliyo sawa.

Tuje kwenye shambulio la mtu binafsi. Swali la kuuliza ni moja: je, hili linalosemwa linagusa sifa ya kugombea, au mwenendo wake katika kazi anayoiomba? Sifa za mbunge zimeandikwa katika ibara ya 67 ya Katiba. Awe raia, awe na umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, awe mwanachama na mgombea wa chama cha siasa, na katika miaka mitano ya karibuni asiwe ametiwa hatiani kwa kosa la kukwepa kodi. Yako na mengine yanayomwondolea mtu sifa, lakini soma ibara yote hutakuta ndoa. Hutakuta watoto, wala kabila, wala mtaa aliozaliwa, wala shahada ya chuo kikuu. Anayesimama Makorora na kusema mwenzake "ameachika mara mbili, ataweza jimbo?" hajajadili jimbo. Anawaomba wasikilizaji waongeze sharti ambalo Katiba haina, na aghalabu sharti hilo huongezwa kwa wanawake peke yao. Mwanamume aliyeacha wake watatu huulizwa kuhusu maji na barabara.

Shambulio la uraia linahitaji uangalifu wa pekee katika mkoa wetu. Wilaya ya Mkinga inapakana na Kwale ya Kenya, na Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili za mpaka. Kuwa na shangazi Vanga au Lunga Lunga ni jambo la kawaida kama kuwa na shamba la minazi. Kwa hiyo neno "huyo Mkenya" hushika upesi, kwa kuwa kila mtu anajua jamaa fulani wa mgombea aliye ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Uraia ni sharti la Katiba, hivyo kuuliza si kosa. Ila mahali pa kuuliza pako. Mwenye hoja huweka pingamizi kwa msimamizi wa uchaguzi mara tu uteuzi unapofanyika, kwa maandishi na kwa vielelezo, na dirisha hilo hufungwa haraka. Kumbukumbu za uraia ziko Idara ya Uhamiaji. Mtu aliyekaa kimya wakati wa mapingamizi, kisha akaja kulipuka na uraia wa mwenzake wiki ya mwisho ya kampeni, amejijibu mwenyewe kuhusu ushahidi alionao.

Wala si kila jambo la mtu ni siri yake. Cheti cha kughushi ni suala la umma, hata kama kiwango cha elimu si sharti, kwa sababu kughushi ni kosa la jinai na linaonyesha uaminifu wake. Zabuni iliyokwenda kwa shemeji ni suala la umma. Fedha za Mfuko wa Jimbo zisizoonekana kwenye zahanati yoyote, hoja katika ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuhusu halmashauri aliyoiongoza, mahudhurio yake kwenye baraza la madiwani: yote haya yasemwe, na yasemwe kwa ukali. Mwanasiasa anayeita maswali haya "matusi" naye anacheza na pishi, kwa mlango wa nyuma.

Tanga ni mji wa taarabu, na watu wake wanajua kupasha. Hatutegemei kampeni za hapa ziwe kavu kama kikao cha bajeti, na hakuna ubaya. Kijembe kinachomrudisha mtu kwenye kazi yake, kwa mfano fumbo la nahodha aliyeahidi boti akaleta kafi, ni siasa safi kabisa na hukaa kichwani kuliko takwimu. Kijembe kinachomrudisha mtu chumbani kwake, mwilini kwake au dinini kwake ni kitu kingine. Mtunzi anajua tofauti hiyo kabla hajaimba, na msikilizaji anaijua kabla fumbo halijafika mwisho.

Jambo linalowachanganya wengi ni lile jibu la "mbona na wao?" Lina nguvu mahali pamoja: linapomwonyesha mshtaki kwamba kanuni anayoisimamia yeye mwenyewe haifuati. Hapo ni hoja halali kuhusu unafiki wake. Lakini halijibu tuhuma. Mgombea akiulizwa kwa nini vijana wake walichana mabango Chumbageni, akajibu kwamba wao walichana Ngamiani, sasa tuna makosa mawili na majibu sifuri. Jibu kamili lina sehemu mbili, na kwa mpangilio huu: kwanza jibu tuhuma yako, kisha leta ya mwenzako. Ukisikia ya pili bila ya kwanza, uliza tena swali lile lile, kwa maneno yale yale.

Mambo yakivuka mpaka, ipo njia ya kulalamika, na wengi huikosea. Maadili ya Uchaguzi, yaani kanuni za mwenendo wa kampeni, husainiwa na vyama, Serikali na Tume ya Uchaguzi, na kamati za maadili huundwa ngazi ya kata, jimbo na taifa. Adhabu si za karatasini tu: Oktoba 2020 kamati ya kitaifa ilimsimamisha mgombea urais mmoja asifanye kampeni kwa siku 7. Malalamiko hupelekwa kwa maandishi na muda wake ni mfupi, wa kuhesabu saa. Malalamiko mengi hufia kwenye uandishi. "Alitutukana sana" haisaidii kamati. Andika tarehe, saa, uwanja, kata, jina na nafasi ya msemaji, na maneno kama yalivyotoka mdomoni, bila kuyalainisha hata kama yanakera kuandikwa. Ambatanisha rekodi na majina ya mashahidi wawili au watatu waliokuwepo. Kwa fumbo, rekodi ianze dakika kadhaa kabla ya fumbo lenyewe. Bila kumsikia nani alitajwa kwanza, kamati haiwezi kujua limelengwa kwa nani.

Nani anapeleka nalo ni muhimu. Aprili 2012 Mahakama Kuu ya Arusha ilitengua ubunge wa Godbless Lema wa Arusha Mjini, katika kesi iliyohusu kauli za kampeni za 2010 dhidi ya mpinzani wake, Batilda Burian, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Mkuu wa Mkoa wetu wa Tanga. Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilimrudishia kiti. Waliofungua kesi walikuwa wapiga kura, na Mahakama iliona hawakuwa na haki ya kufungua shauri lile kwa kuwa haki zilizodaiwa kuvunjwa hazikuwa zao. Fundisho lake ni la vitendo: ukiwa shuhuda, mpelekee ushahidi mgombea aliyeguswa au chama chake, mapema, ili aliyeumizwa ndiye alalamike.

Kuhusu simu, machache. Kipande cha sekunde kumi na tano kinachoanzia katikati ya sentensi usikiamini mpaka umeona mkutano mzima. Linganisha nguo za msemaji na bango la nyuma yake na picha za siku inayotajwa. Sauti bila picha iache hapo hapo ilipofika. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa huku akijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha. Na kuituma kashfa kwenye kundi la familia ukiandika "tazameni upuuzi huu" bado ni kuituma.

Limebaki suala la washereheshaji na waimbaji. Wagombea wengi siku hizi hawatukani wenyewe. Wanakaa kwenye kiti wakati mwingine anatukana kwa niaba yao. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura 343, iliyotumika kabla ya sheria mpya ya 2024, ililiona hili. Kifungu cha 108 kilifanya kuwa sababu ya kutengua uchaguzi kauli za kutumia tofauti za kabila, rangi au dini, na hata tofauti ya jinsia pale wagombea walipokuwa mwanamke na mwanamume. Haikujali kama kauli imetoka kwa mgombea mwenyewe au imetolewa kwa niaba yake, naye akijua na kuridhia. Ridhaa hiyo ndiyo ngumu kuithibitisha, na ndiyo rekodi nyingi hazina, kwa sababu mpiga picha huzima simu wimbo unapokwisha. Usizime. Geuza kamera kwenye kiti cha mgombea, uiache hapo dakika mbili zaidi, ionekane kama alimtunza mwimbaji au alisimama akachukua kipaza sauti kuyakataa yaliyosemwa.