Kwa nini shangazi wa kilo 48 anashika jembe na baba mdogo wa kilo 98 anashika kiuno?

Mwezi wa nane tulikwenda Hombolo, Dodoma, kumsaidia baba mdogo kuchuma zabibu. Shamba alilinunua kwa kiinua mgongo. Ana miaka 61, amestaafu mwaka jana alipotimiza 60 kama utumishi wa umma unavyotaka, na mpango wake wa uzee ulikuwa huo: zabibu mara mbili kwa mwaka, kuku wachache, maisha yaende.

Mstari wa kwanza haukuisha. Aliinama mara tatu kutafuta vichala vilivyojificha chini ya majani, mara ya nne akasimama, mikono kiunoni, akatazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamsubiri. Dada yake, yaani shangazi yangu, mwenye miaka 72, alikuwa anajaza kreti ya pili.

"Dada, hivi wewe huchoki?"

"Kuchoka nachoka, mdogo wangu," shangazi akajibu bila kugeuka. "Ila mimi sina gunia tumboni."

Tulicheka wote, na baba mdogo naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo. Lakini neno hilo la gunia lilinikaa. Lina hesabu ndani yake, na lina kosa pia. Nianze na hesabu.

Baba mdogo ana kilo 98. Goti lake, hata hivyo, halibebi kilo 98. Watafiti wa Berlin, Ujerumani, walitumia magoti bandia yenye vipima-nguvu ndani yake kwa wagonjwa waliokuwa wakibadilishiwa magoti, kisha wakawatazama wakitembea. Mtu akitembea tu kwenye tambarare, goti hubanwa kwa nguvu ya takriban mara mbili na nusu ya uzito wake, kwa sababu misuli nayo inalivuta ili mtu asianguke. Akishuka ngazi hufika mara tatu na nusu hivi. Kwa baba mdogo hiyo ni kama kilo 340 kwa kila ngazi, magunia matatu ya mahindi na ushee. Kwa shangazi ni kilo 168. Waliowahi kufika soko la mahindi la Kibaigwa wanaijua lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu. Gunia lenyewe ni lile lile, nyuzi ni zile zile, kilichoongezeka ni mzigo tu. Goti la baba mdogo lina ukubwa wa goti la mtu wa kilo 70, na limefungwa lumbesa kwa miaka ishirini ya kukaa ofisini.

Kwenye goti kuna gegedu, ule utando laini unaozuia mfupa kusagana na mfupa. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kama sifongo, likibanwa linatoa maji, likiachiwa linanyonya mengine. Ndiyo maana kutembea kunalifaa na kukaa siku nzima hakulifai. Likibanwa kupita kiasi kwa miaka mingi huchakaa, na likishachakaa halioti tena kama ngozi.

Kuna jambo ambalo hesabu ya magunia hailielezi. Watu wanene huumwa zaidi hata viungo vya vidole vya mikono, na vidole havibebi tumbo. Sababu ni kwamba mafuta ya mwilini, hasa yale yanayozunguka matumbo, hayakai tu kama mafuta kwenye kopo. Hutoa kemikali zinazoingia kwenye damu na kuchochea uvimbe wa chinichini usioonekana, ambao hufika kwenye viungo vyote. Kwa hiyo mtu anabeba mzigo, na mzigo wenyewe unaila njia anayopita.

Kiuno nacho kina hesabu yake. Kichwa, mikono na kiwiliwili kwa pamoja ni karibu theluthi mbili ya uzito wa mtu. Baba mdogo akiinama kwenye mzabibu, misuli ya mgongo inashikilia kama kilo 65 zinazoning'inia mbele, na kitambi ndicho kilicho mbali zaidi na uti wa mgongo. Shangazi anashikilia 32. Kiinua mgongo kilimnunulia shamba, mgongo wenyewe hakikuuinua. (Utani huo ni wake mwenyewe, alisema tukirudi kwenye gari.)

Jua pia lisisahaulike. Mwili mkubwa unazalisha joto jingi kwa kila hatua, lakini ngozi ya kulitolea nje haikuongezeka kwa kiasi kile kile, na mafuta chini ya ngozi ni kama blanketi. Uzeeni jasho nalo hupungua. Sasa fikiria kazi ya kutayarisha mashamba ya Dodoma inavyoangukia Oktoba na Novemba, kabla mvua haijaanguka, wakati ardhi inawaka. Habari za presha na kisukari zinajulikana, sitazirudia, ila niseme tu kwamba mguu wenye ganzi ya kisukari ukijikata kwa jembe, hesabu ya msimu mzima inabadilika.

Hapo ndipo watu wengi huishia: mnene hafai kazi, mwembamba anafaa, tazama wazee wa Ugogo walivyokauka na bado wanalima. Na hapo ndipo kosa lilipo.

Kwanza, wazee wembamba tunaowaona shambani ni wale waliobaki shambani. Mwembamba aliyeishiwa nguvu huwezi kukutana naye kwenye mistari ya zabibu, yuko nyumbani kwenye kigoda anachambua mlenda na kuchunga wajukuu. Tunahesabu waliosimama tu, kisha tunasema wembamba husimamisha watu. Pili, kazi yenyewe ndiyo iliyomfanya shangazi awe mwembamba. Siyo wembamba uliompa kazi.

Mpime shangazi kwa kanuni ya hospitali, ile BMI: uzito wa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kilo 48, urefu mita 1.55, unapata 20 kasoro kidogo sana. Chati ukutani inasema kati ya 18.5 na 25 ni sawa. Baba mdogo, mita 1.68, anapata karibu 35, na chati inamwandikia unene uliokithiri. Shangazi kashinda, sivyo?

Kanuni hiyo asili yake ni Mbelgiji wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, ambaye hakuwa daktari bali mtu wa takwimu na nyota, na alikuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani katika taifa zima. Haijui kilo ni za msuli au za mafuta. Haijui pia kama mtu ana miaka 25 au 72. Uchambuzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya tafiti nyingi za watu wa miaka 65 na kuendelea, ulionyesha kuwa wazee wenye BMI ya kati ya 24 na 31 hivi ndio waliokuwa na hatari ndogo ya kufa, na hatari ilianza kupanda chini ya 23. Kwa kipimo cha kijana, shangazi yuko salama. Kwa kipimo cha mzee, yuko ukingoni.

Kwa nini? Mzee akiugua malaria au nimonia wiki mbili, mwili unakula akiba yake, na mwenye akiba ndogo anakula msuli. Mfupa nao hukaa imara kwa kubebeshwa uzito, kwa hiyo mwembamba sana akiteleza kwenye korongo la mchanga nyonga huvunjika kirahisi. Na chini ya yote kuna wizi wa polepole unaompata kila mtu: baada ya miaka 50 hivi msuli hupungua takriban asilimia 1 kila mwaka, na nguvu hupungua haraka kuliko msuli. Mwaka 1989 Mmarekani Irwin Rosenberg aliupa wizi huo jina la sarkopenia, yaani upungufu wa nyama. Mwenye nyama kidogo tangu mwanzo hufika mwisho wa njia mapema.

Chukua dumu la maji la lita 20. Mwaka 1986 lilichapishwa jaribio lililofanyika Kenya kwa akina mama wa Kikikuyu na Kijaluo waliozoea kubeba mizigo. Ilionekana wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nishati ya ziada, kama vile mzigo haupo. Watafiti waliorudia jambo hilo baadaye Afrika Kusini hawakuliona kwa kila mbebaji, kwa hiyo tusilifanye muujiza. Lakini tuseme shangazi ni mmoja wa waliojaliwa: asilimia 20 yake ni kilo 9 na nusu, chini ya nusu ya dumu. Nyingine zote analipa kwa msuli.

Na analipa wakati mbaya. Dodoma ina kifuku kimoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa kawaida milimita 500 hadi 700 za mvua, na palizi ya uwele na mtama huangukia Januari na Februari, miezi ile ile ambayo ghala limebaki na vumbi. Kazi nyingi, chakula kidogo. Kijana hukonda akarudi baada ya mavuno. Mzee hukonda, akirudi hurudisha mafuta zaidi ya msuli, na kifuku kinachofuata anaanzia chini zaidi. Sisi tunasema "bibi anakauka na umri", kumbe kinachomkausha ni kalenda.

Huko Malmö, Sweden, watafiti waliofuatilia wanaume wa makamo waliona wanaotoka kazini mapema kwa ajili ya maradhi ni wanene, na pia wembamba kupita kiasi. Kule mtu anatoka kwa fomu na pensheni. Kwetu wengi hawana cha kustaafia, na kutoka kazini hakuna tarehe. Kutoka huko kunaonekana kwenye ekari: mwaka huu tatu, mwakani moja na nusu, halafu kishamba nyuma ya nyumba, halafu mtu anasema "nimewaachia vijana".

Kwa hiyo swali langu mimi kwa mzee si "una kilo ngapi". Ni "je, msuli ulionao unatosha kuubeba mwili ulionao, na kazi juu yake". Baba mdogo ana mwili mkubwa kuliko msuli. Shangazi ana msuli unaotosha leo, bila hata senti ya ziada.

Kuna kipimo cha kuliona hilo kisichotaka mizani. Kiti cha kawaida kisicho na mikono, mikono umeikunja kifuani, simama wima na ukae, sekunde 30, hesabu. Mwanaume wa miaka 60 hadi 64 akishindwa kufikisha 14 yuko chini ya wastani, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 ni 10. Tulikifanya jioni ile chini ya mti, simu yangu ikiwa saa. Baba mdogo alipata 9, akadai kiti ni kifupi. Shangazi alipata 13, akauliza kama aendelee.

Kisha nikachukua futi ya fundi cherehani nikampima shangazi shavu la mguu, pale palipo panene zaidi. Chini ya sentimita 31 huwa ni dalili kwamba msuli unakwisha. Ilisoma 30. Akaitazama futi, akautazama mguu, akasema huo ni mguu wa ng'ombe wa kiangazi.

Dawa zao si moja, na hili ndilo linalowachanganya watu. Baba mdogo akipunguza kilo 5 tu, kila hatua inaliondolea goti kama kilo 12 na nusu. Hatua 2,500 kwa kila mguu kwa siku ni kama tani 31 ambazo goti halikuzibeba. Ila asizipunguze kwa kushinda njaa, maana mzee anayejinyima tu hupoteza robo hivi ya kilo hizo kwenye msuli, na akibaki na kilo 93 zenye msuli mdogo zaidi, hajasogea. Chapati mbili za saa nne ziondoke, ugali upungue, nyama choma ya mnadani ibaki kidogo, na mazoezi ya kiti kile kile asubuhi na jioni. Shangazi anahitaji kinyume: protini kama gramu 50 hadi 58 kwa siku kwa uzito wake, na ugali wa uwele na mlenda mtupu haufiki. Konzi ya karanga ina gramu 7 hivi, yai 6, bilauri ya maziwa 8. Karanga analima mwenyewe. Anaziuza.

Nilimwambia pia kwamba akikonda ghafla, nguo zikimpwaya ndani ya miezi michache bila sababu, asiseme ni kazi. Aende dirisha la wazee akapimwe kifua kikuu na sukari, na meno yatazamwe, kwa sababu wengi hukonda kwa kushindwa kutafuna na wanaona haya kusema.

Siku ya pili wakagawana kazi upya. Baba mdogo alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akichambua vichala na kukata vilivyooza kwa mkasi, kila kreti ikijaa anasimama bila kushika kitu, kisha anakaa tena. Shangazi aliendelea na mistari. Saa nne ilipofika alileta kibakuli cha karanga za kukaanga, akaanza kukisogeza kwa mdogo wake kama alivyozoea tangu wakiwa wadogo, akasita, akakirudisha upande wake.