Kabla ya tiketi, uliza bamvua: safari ya kuvua kwa flai Shelisheli

Wavuvi wanaotaka niwapangie safari ya Shelisheli huanza na nauli. Mimi huwauliza: siku hizo mwezi wa angani utakuwa umefikia siku ya ngapi? Wapo wanaodhani nawazungusha. Lakini hakuna kosa linaloniuma kama la mtu aliyekata tiketi ya bei nafuu kwanza, halafu akaja kuniuliza habari za maji kujaa na kukauka.

Flai ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana, haina uzito wa maana. Kinachobeba mtupo ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene. Ndiyo maana tunamvua samaki tunayemwona kwa macho, kwenye maji ya magoti, juu ya mchanga na mwamba. Na samaki huyo hakai hapo. Hupanda maji yakijaa, akitafuta kaa na kamba, na hushuka nayo yakitoka.

Sisi wa pwani mambo haya tumeyarithi. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na hukauka sana. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupanda na kushuka kidogo tu. Mombasa, siku za bamvua, maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Maana yake yanaingia wakati jua liko utosini, na hapo ndipo jicho linapofika chini ya maji. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka: asubuhi ile ile maji yamejaa. Kisiwa unachokwenda kina jedwali lake, litafute, usitegemee la Mombasa. Mtu anayemtaka kolekole mkubwa, yule ambaye wavuvi wa dunia nzima wanamwita GT (giant trevally), nampeleka siku za kuelekea bamvua, maji yanaposukuma kwa nguvu kwenye kingo za mwamba naye akaja nayo. Anayekwenda kujifunza kwa bonifishi, wale wa rangi ya fedha wanaochimba mchanga kwa pua, nampa maji mafu, apate saa nyingi za kutembea katika kina kilekile.

Baada ya maji, upepo. Kusi ikivuma, Mei hadi Septemba, kutupa flai visiwa vya nje ni mateso, na msimu wenyewe huanza Oktoba na kwenda hadi Aprili au Mei. Mimi napenda maleleji, upepo unapotulia kati ya kusi na kaskazi, pande zote mbili za kaskazi: Oktoba na Novemba, kisha Machi na Aprili. Desemba na Januari kuna mawingu na mvua, na bila jua huoni kitu. Kata bima inayolipa safari ikivunjika, maana visiwa vya kusini mwa nchi hiyo hupigwa na vimbunga mara mojamoja. Kimbunga Fantala kiliharibu vibaya kisiwa cha Farquhar mwezi Aprili 2016.

Kwa safari ya kwanza nashauri kisiwa cha Alphonse. Kiko kilomita 400 hivi kusini magharibi mwa Mahé, kisiwa kikuu, mwendo wa saa moja kwa ndege ndogo, na jirani yake ni kisiwa cha St François chenye ziwa la maji ya chumvi na uwanda mpana wa mchanga. Bonifishi ni wengi, kuna kikande, yule wanayemwita triggerfish, na kuna mwatiko, huyu huyu tunayemfuga mabwawani Kilifi. Bwawani ni mpole. Baharini, akinasa kwenye flai ya kijani inayofanana na mwani, anaweza kukukimbiza nusu saa. Cosmoledo iko mbali zaidi, kama kilomita 1,000 kutoka Mahé, na watu huifuata kwa ajili ya kolekole. Ngoja kwanza mkono ukomae.

Ndege hizo ndogo huruhusu mzigo mdogo, kwa kawaida kilo 15, kwa hiyo chukua fimbo zinazotengana vipande vinne. Namba ya fimbo ni uzito wa mshipi inaoubeba: namba 8 au 9 kwa bonifishi, namba 12 kwa kolekole, fimbo mbili zinatosha. Usibane matumizi kwenye rili, kigurudumu kinachokunja mshipi, ya namba 12, breki yake ndiyo itakayoamua. Uzi wa mwisho wa kolekole ni wa paundi 130, kwa sababu mwamba unakata kuliko kisu. Ndoana zote ponda vijino vyake, samaki wanarudishwa majini.

Kolekole wangu wa kwanza alikuja juu ya mgongo wa taa. Taa huyo alikuwa akitifua mchanga, na yeye akimfuata kama kivuli, akingoja kinachotoka. Flai ilianguka mbele yao, nikaivuta, akageuka, nikaona mdomo mweupe ukifunguka. Nikainua fimbo juu, kama nilivyozoea kuvua changu. Flai ikachomoka. Alibaki pale kidogo, kisha akarudi kwa taa wake. Fimbo inatakiwa ibaki chini, ikielekea kwa samaki, na mkono wa kushoto uvute mshipi kwa nguvu mpaka uone umegota. Kiwiliwili hakijifunzi hilo siku ya samaki. Lifanyie kazi nyumbani.

Sisi tunaotoka Kenya hudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla. Kibali cha kuingia kinaombwa mtandaoni.

Wiki nne kabla ya safari, nenda kiwanja cha mpira, weka sahani mita 20, uifikie kwa mitupo miwili ya hewani, yaani mshipi urushwe mbele na nyuma mara mbili tu kabla ya kuuachia, upepo ukikupiga usoni. Mwambie mwenzako akutajie mwelekeo kwa uso wa saa, maana ndivyo waongozaji wanavyofanya, kwa Kiingereza. Wakisema kumi na moja, ni mbele kushoto kidogo. Kichwa cha Mswahili, akiona mshale kwenye namba hiyo, husema saa tano, na sekunde unayoipoteza kutafsiri inamtosha samaki kupita.