Je, wajua kwa nini soya iliyochachushwa huenda ikatuliza uvimbe wa ndani (inflamesheni) zaidi kuliko soya ya kuchemsha tu?

Hapa Bukavu soya tunaijua zaidi kwenye uji wa masoso (mahindi, soya na mtama) wa watoto. Uji huo ni mzuri. Lakini punje zilezile zikichachushwa kuwa tempe, chakula cha asili ya kisiwa cha Java, Indonesia, mwili huchota humo vitu ambavyo kuchemsha peke yake hakuvifungui.

Soya ina isoflavoni, kemikali za asili za mmea, na kwenye punje mbichi karibu zote zimeshikamana na sukari. Utumbo hauzipitishi kwenye damu mpaka sukari hiyo ikatwe. Ukungu wa tempe, Rhizopus oligosporus, hutoa kimeng'enya kinachoikata mapema, chakula kingali kwenye jani la kufungia. Genisteini, mojawapo ya isoflavoni hizo, ikishakuwa huru hufyonzwa upesi. Maabara imeonyesha kwamba hupunguza nguvu ya NF-kB, protini inayoamuru seli kutoa kemikali za uvimbe, na kwamba huamsha vimeng'enya vya seli vinavyozima radikali huru, zile chembe zinazoharibu kuta za seli. Ukungu huohuo huvunja pia fitati, kemikali ya punje inayoshika madini, kwa hiyo madini ya chuma na zinki hufyonzwa vizuri zaidi. Kwa binadamu, nafuu ya uvimbe iliyopimwa ni ya wastani: usiache vidonge vya daktari kwa sababu ya tempe.

Loweka nusu kilo ya soya usiku kucha, isugue mpaka maganda yatoke, kisha ichemshe. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu, kwa hiyo hesabu saa moja na nusu. Mwishoni tia vijiko vitatu vikubwa vya siki. Chuja, tandaza kwenye kitambaa safi, ukaushe mpaka punje zisiache unyevu mkononi. Wengi huharibu hapa: punje zikiwa na maji, bakteria huutangulia ukungu, na kesho yake unakuta utelezi na harufu ya mkojo.

Zikipoa, changanya na kijiko kidogo cha mbegu ya ukungu iliyonunuliwa. Usitumie kamwe ukungu uliojiotea kwenye gunia, unaweza kuwa na aflatoksini, sumu hatari ya ukungu. Funga kwa jani la ndizi, unene wa vidole viwili, utoboe matundu.

Ukungu unataka nyuzi 30 hadi 32, na nyumba zetu ni baridi. Weka kwenye katoni pamoja na chupa mbili za maji moto, ukizibadilisha kila zinapopoa. Baada ya saa 15 hivi tempe huanza kujipasha yenyewe: ondoa chupa, joto likizidi ukungu hufa. Kati ya saa 24 na 48 punje zitakuwa zimeshikana kama keki nyeupe. Madoa meusi karibu na matundu hayadhuru. Rangi ya waridi, chungwa au kijani, tupa yote.

Kama huna friji, ipike siku hiyohiyo: kata vipande, kaanga, au utie kwenye sombe (majani ya muhogo).