"Nesi, Mtishe Kidogo"

Wiki hii nimeambiwa mara tatu. Binti anamleta baba yake kliniki ya presha, anamkalisha kwenye benchi, kisha ananifuata mlangoni na kuninong'oneza: "Nesi, mtishe kidogo. Mwambie atapooza. Sisi wanawe hataki kutusikiliza."

Katika dhana zote ninazokutana nazo, hii ndiyo inayonichosha zaidi: kwamba mtu akiogopa vya kutosha, atabadilika. Jamani, hapana. Huyu mzee hofu anayo tayari. Jirani yake kapooza upande mmoja, na yeye mwenyewe alisaidia kumbeba. Ukimwongezea hofu bila kumwonyesha njia, atashughulika na kuituliza hofu na hatari ataiacha palepale: anakwepa kliniki, anasema kila mtu ana siku yake. Kim Witte, mtafiti wa mawasiliano ya afya, alilieleza hili mwaka 1992. Hofu husaidia pale mtu anapoamini kwamba kinga inafanya kazi na kwamba yeye mwenyewe anaiweza. Baadaye yeye na wenzake walifanya utafiti Kenya, kwenye vituo vya malori vya barabara kuu, na matokeo yakatoka 1998. Walizungumza na madereva, utingo wao na wanawake wanaofanya biashara ya ngono kuhusu mabango na vipeperushi vya UKIMWI. Hatari watu walikuwa wameshaielewa. Kilichopungua ni namna: kondomu inavaliwaje, na mazungumzo hayo na mwenzako unayaanzaje.

Kuna jaribio la zamani zaidi ambalo huwasimulia wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Yale, Howard Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi maelezo kuhusu pepopunda, mengine ya kutisha sana, mengine ya upole. Waliotishwa sana walisema kwa nguvu zaidi kwamba watachanjwa. Lakini kwa maelezo peke yake walikwenda takriban asilimia 3 tu. Walioongezewa ramani ya chuo yenye alama pale penye zahanati, na kuombwa wapange watapita saa ngapi, walikwenda karibu asilimia 28, awe alitishwa sana au kidogo. Na zahanati walikuwa wanaijua ilipo!

Kwa hiyo yule baba sikumtisha. Nilimuuliza dawa zinakaa wapi. Kabatini, ndani ya mfuko wa rambo, chini ya kanga za mama. Asubuhi anaanza na nini? Anaswali. Tukakubaliana pakiti ikae kwenye rafu ya mswala. Akishatoa salamu ya alfajiri, kabla hajaukunja mswala, anameza. Kikombe cha maji anakiandaa usiku. Ramadhani tutahamishia daku. Bintiye aliona nimepoteza muda. Mimi naona hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ningependa kila familia ianze na maswali hayo: wapi, saa ngapi, baada ya nini.

Zipo dhana nyingine ninazozisikia. "Vumilia siku 21 tu, inakuwa mazoea." Namba hii inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 kuzoea sura mpya. Sura, si vidonge wala mazoezi. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake, London, waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea madogo kama kula tunda. Makadirio yao ya muda wa kitu kuwa mazoea yalianzia siku 18 hadi 254; mtu wa katikati alihitaji siku 66. Kuruka siku moja hakukuvuruga kitu.

"Huduma ni bure, atakuja mwenyewe." Miaka ya 1950 Marekani ilitoa eksirei za kifua kikuu bila malipo, tena karibu na makazi ya watu, na wengi hawakujitokeza. Kwa nini? Nadharia ya imani za kiafya, inayotazama mtu anavyoiona hatari, faida na vikwazo kabla ya kujikinga, ilizaliwa kwenye swali hilo.

"Amerudia sigara, basi huyo hawezi." Wanasaikolojia Prochaska na DiClemente walipowachunguza wanaoacha sigara kwa juhudi zao wenyewe, mwaka 1983, waliona watu hupita hatua kwa hatua, na kurudi nyuma ni jambo la kawaida. Usimsute. Muulize alikuwa wapi, na nani, alipowasha ile ya kwanza, kisha uniletee jibu.